Mahaba ya Chura na Amri ya Damu

Msafiri atokaye Mbinga mjini kwenda Mbamba Bay huteremka kutoka milima ya Umatengo, ambayo vilele vyake hupita mita 1,800, mpaka ufuko wa Ziwa Nyasa ulio katika kimo cha mita 470 hivi, na katika mteremko huo mmoja huziona nchi mbili: ile ya juu, yenye baridi, mibuni, na mashamba ya ngoro ambayo Wamatengo wameyachimba kwa vizazi vingi ili mvua isiuchukue udongo wao bondeni; na ile ya chini, yenye joto, mihogo, mitumbwi na matete, ambayo siku hizi ni wilaya yenyewe, Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa katika Mbinga. Nchi hizi mbili hazina tabia moja, walakini katika jambo moja zinafanana. Miezi ya kiangazi vyura wake husikika kwa nadra. Mvua za Novemba zikisha kunyesha mara moja au mbili, mabonde na madimbwi hujaa kelele usiku kucha. Wapigao kelele hizo ni madume. Majike wapo karibu, wanasikiliza, aghalabu kimya.

Mwenyeji hahitaji kuambiwa ya kwamba ni mvua iliyowaamsha. Lakini mvua ni maji, na maji hayana mamlaka juu ya koo la mnyama. Baina ya tone lililoanguka na sauti iliyotoka ipo njia ndefu ndani ya mwili wa chura, ipitayo masikioni na machoni, ikaingia ubongoni, ikashuka katika damu, kisha ikapanda tena ubongoni kabla ya kufika kooni. Kuigundua njia hiyo kuliwachukua wanazuoni zaidi ya miaka mia mbili, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa juu ya miili ya vyura wa Afrika, ijapokuwa vitabu vingi husimulia habari hii kana kwamba ilikuwa mali ya Ulaya tangu mwanzo hadi mwisho.

Ni kweli kwamba Ulaya ndiko ilikoanzia. Katika karne ya kumi na nane padre wa Kiitalia, Lazzaro Spallanzani, alitaka kujua kama mbegu ya dume ina kazi yoyote katika kuumba mtoto, akawashonea vyura madume suruali ndogo za kitambaa, akawaacha wawakumbatie majike wao. Vyura wakakumbatiana bila ya kujali mavazi hayo, mayai yakatagwa, na hakuna hata moja lililotoa kiluwiluwi. Kwa jaribio hilo alijibiwa swali lake, lakini aliona na jambo jingine ambalo hakulitafuta: dume aliyekwisha kumshika jike hamwachi. Alimkata viungo, naye akaendelea kushika. Akamkata kichwa, na mikono haikulegea. Msomaji wa leo huona uchungu kuyasoma mambo haya, na ana haki. Hata hivyo katika ukatili ule palikuwa na fumbo la kweli, kwa kuwa kama kumbatio laweza kudumu bila ya kichwa, basi kichwa kina kazi gani katika mahaba ya chura?

Fumbo hilo lilikaa zaidi ya karne nzima. Mnamo mwaka 1909 Moritz Nussbaum wa Bonn alitaja habari za vyura aliowahasi kisha akawatia vipande vya korodani chini ya ngozi ya mgongo, mahali ambapo havikuweza kuungana na neva zilizozoea kuvihudumia. Sugu za vidole gumba, ambazo dume huzitumia kumshika jike asiteleze, zikaota tena. Ilikuwa dhahiri ya kwamba korodani ilitoa kitu kilichosafiri katika damu. Mwaka 1910 Eugen Steinach, aliyekuwa akifanya kazi Prague, akaingia ndani zaidi. Alichukua madume waliohasiwa, ambao walikuwa wamepoteza kabisa hamu ya kukumbatia, akawadunga maji ya korodani za madume wazima, na kumbatio likarudi kwa siku kadhaa. Kisha akafanya jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kubwa zaidi katika kazi yake yote, pamoja na umaarufu na dhihaka alizozipata baadaye Vienna kwa kudai kuwarudishia wazee ujana: aliwadunga wahasi wale ubongo na uti wa mgongo uliosagwa wa madume waliotolewa katika kumbatio, nao pia wakakumbatia. Akahukumu kwamba ile dawa ya damu hukusanyika katika neva, na kwamba kazi yake ni kuondoa kizuizi. Kumbatio limo siku zote katika uti wa mgongo. Ubongo hulizuia mwaka mzima. Homoni huja katika majira yake na kuulegeza mkono wa ubongo. Kwa maelezo hayo chura wa Spallanzani asiye na kichwa alifahamika: aliendelea kushika kwa sababu mzuiaji alikuwa ameondolewa.

Miaka michache kabla ya hapo, nchi za kaskazini-mashariki mwa Ziwa Nyasa zilikuwa chini ya Wajerumani, na daktari wa majeshi yao, Friedrich Fülleborn, ambaye alikaa pande za kaskazini za ziwa katika miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa, alikuwa akikusanya wanyama na kuwapeleka Berlin katika chupa za spiriti. Huko Berlin Gustav Tornier alikuwa akiwapasua vyura wa koloni hilo. Mwaka 1905 akaeleza habari za chura wa nyanda za juu za kusini mwa Tanzania ambaye tumboni mwake hamkuwa na mayai: mlikuwa na watoto. Wengi wa vyura duniani humwaga mayai majini na dume huyarutubisha nje ya mwili. Huyu hubeba mimba na kuzaa vyura wadogo waliokamilika, pasipo kiluwiluwi kuogelea hata siku moja. Mwaka 1926 Mmarekani G. K. Noble akaunda jenasi Nectophrynoides kwa ajili ya jamaa hao, na Noble huyo ndiye aliyeanzisha katika jumba la makumbusho la New York kazi ya kukata ubongo wa vyura sehemu baada ya sehemu ili kuona ni ipi inayotawala kujamiiana. Alifariki mwaka 1940, na mwenzake Lester Aronson akaitoa kazi hiyo mwaka 1945. Naona ni ajabu kwamba mtu mmoja alikuwa na mambo yote mawili mezani kwake, chura azaaye na ubongo utawalao mahaba, wala hakuwahi kuyaunganisha. Arthur Loveridge naye, aliyetoa mwaka 1933 taarifa ya safari yake ya ukusanyaji katika nyanda za kusini-magharibi za Tanganyika, aliwajua vyura hawa kwa sura, makazi na tabia zao. Habari za damu yao hazikuwa kazi yake.

Daraja kati ya damu na ubongo lilijengwa Cape Town. Mwaka 1927 alifika huko Mwingereza Lancelot Hogben kuwa profesa wa elimu ya wanyama, akamkuta katika mabwawa ya nchi ile chura wa kucha, Xenopus laevis, ambaye jamaa zake wapo pia katika maji ya Malawi, Tanzania na mwambao wetu: chura asiye na ulimi, aishiye majini maisha yake yote, mwenye kucha tatu nyeusi katika kila mguu wa nyuma. Hogben alipokuwa akichunguza mabadiliko ya rangi ya ngozi alimwondolea chura huyo tezi ya pituitari, ile iliyoning'inia chini ya ubongo, akaona mambo mawili: ngozi ikapauka, na ovari za majike zikanywea. Alipomdunga jike dondoo la pituitari ya ng'ombe, jike akataga mayai. Kwa hiyo ovari hazikuwa na uhuru. Zilikuwa zikipokea amri kutoka katika tezi iliyoshikamana na ubongo. Hogben aliondoka Afrika Kusini mwaka 1930, akiwa amechukizwa na ubaguzi wa rangi wa nchi ile, lakini chura wake akabaki kazini.

Hillel Shapiro na Harry Zwarenstein, wa Cape Town vilevile, ndio waliotangaza mwaka 1933, na kuchapisha mwaka uliofuata, kwamba jike wa Xenopus akidungwa mkojo wa mwanamke mjamzito hutaga mayai kabla siku haijaisha. Sababu yake ni kwamba kondo la nyuma la mama hutoa homoni inayofanana katika kazi yake na ile ya pituitari, na homoni hiyo hutoka katika mkojo. Kabla ya hapo wanawake walipimwa kwa njia ya Aschheim na Zondek wa Berlin, ambayo ilitaka panya wachanga, siku kadhaa za kungoja, kisha kisu. Chura alitoa jibu upesi, akarudishwa majini, na baada ya majuma machache akatumika tena. Vyura wa Rasi wakapakiwa merikebuni kwa maelfu kwenda Ulaya na Marekani, na tangu miaka ya 1930 mpaka 1960, mpaka vilipozuka vipimo vya maabara visivyohitaji mnyama, mama wengi wa Uingereza walipata habari za mimba zao kutoka kwa chura wa Afrika. Mwaka 1947 daktari wa Argentina, Carlos Galli Mainini, akaonyesha kwamba hata chura dume wa kwao aweza kutumika: akidungwa mkojo wa mjamzito hutoa mbegu zake baada ya saa chache.

Biashara hii ilikuwa na natija mbili ambazo hakuna aliyezikusudia. Ya kwanza ni kuwa maabara za dunia zilijikuta zimejaa vyura wa kucha, na wanazuoni, waliokuwa nao mkononi, wakaanza kuwauliza maswali mengine. Ya pili nitaitaja mwishoni, nayo haikuwa heri.

Aliyeuliza vema kuliko wote, mintarafu ya ubongo na mahaba, ni Darcy Kelley wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Chura wa kucha hana kifuko cha kupigia sauti wala hatoi pumzi anapoimba. Huimba chini ya maji, katika giza na matope, kwa kuvutanisha misuli ya zoloto mpaka visahani viwili vya gegedu viachane kwa ghafla na kutoa mlio mkavu, mapigo mafupi yafuatanayo upesi. Dume aitaye jike hubadilishana mapigo ya haraka, yapata sitini kwa sekunde, na mapigo ya polepole, yapata nusu ya hayo. Jike asiyekuwa tayari, akishikwa, hunyoosha miguu na kutoa mlio wa taratibu wenye maana ya kuomba aachwe. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa huo ndio usemi wote wa jike, mpaka mwaka 1998 Martha Tobias, Kelley na mwenzao walipotangaza ya kwamba jike anayekaribia kutaga naye huita, kwa mapigo yake mwenyewe, na dume akisikia hujibu kwa mlio wa furaha, wakaimba kwa zamu. Wale tuliodhani wanasikiliza tu, kumbe wamo wanenao. Na sidhani kama mtu yeyote anaweza kusema kwa hakika ni majike wangapi wa madimbwi yetu wanaosingiziwa ububu kwa sababu hakuna aliyewategea sikio.

Kelley na wenzake walifuatilia homoni mpaka mahali inapotua. Vyura wadogo wanapomaliza kuwa viluwiluwi, zoloto la dume na la jike halitofautiani; baadaye testosteroni humwongezea dume nyuzi za misuli na kuzifanya zote za mwendo wa haraka, ilhali jike hubaki na mchanganyiko. Neva zinazoendesha zoloto zina vipokezi vya homoni hiyo ndani yake, na vivyo hivyo sehemu za ubongo zinazosikia na zinazoamua. Kwa upande wa jike, aliyeondolewa ovari huwakataa madume wote, na akipewa estrojeni pamoja na progesteroni hukubali. Jike mzima akipewa testosteroni, baada ya majuma kadhaa huimba wimbo wa dume. Na mwaka 2007 maabara ya Ayako Yamaguchi ilitoa taarifa ambayo, nakiri, kila niisomapo hunitia bumbuwazi: ubongo wa chura, uliotolewa katika fuvu na kuwekwa peke yake katika chombo cha maji ya chumvi, ukimwagiwa serotonini, hutoa katika neva zake mapigo yaleyale ya wimbo, ya dume kama ni ubongo wa dume, ya jike kama ni wa jike. Wimbo umeandikwa ubongoni, na homoni ni miongoni mwa waandishi wake.

Hapo mtu angeweza kudhani kuwa hadithi imekwisha na tezi imeshinda. Kizazi cha Steinach kiliifanya tezi kuwa sultani, na ubongo kuwa raia mtiifu. Kizazi kilichofuata kikagundua kwamba yule sultani alikuwa tarishi. Mwaka 2000 Sabrina Burmeister na Walter Wilczynski wa Texas waliwasikilizisha vyura madume wa mitini sauti za madume wenzao, na homoni za kiume zikapanda katika damu yao kwa kusikia tu, hata bila ya wao wenyewe kuimba. Maana yake ni hii: sikio huupa ubongo habari, sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi huipelekea pituitari ishara, pituitari huamuru korodani, korodani hutia testosteroni damuni, na testosteroni hurudi ubongoni kuufanya uwe mwepesi zaidi wa kusikia na kuimba. Kelele za usiku mmoja wa Novemba kando ya Mbamba Bay huenda zikawa zinajilisha zenyewe kwa njia hii, kila dume akimwamsha mwenziwe na mwenziwe akimwamsha yeye.

Upo pia upande wa kunyamaza. Frank Moore wa Oregon aliwachunguza salamanda wa kwao, wanyama ambao Afrika ya Mashariki haina hata mmoja, akaona ya kwamba homoni ya ubongo iitwayo vasotosini humfanya dume akumbatie kwa bidii, ilhali kotikosteroni, homoni ya hofu na taabu, humfanya aachie, na hufanya hivyo kwa dakika chache. Upesi huo ulisumbua akili za wataalamu, kwa sababu ilifundishwa kwamba homoni za jamii hiyo huingia ndani ya seli na kufanya kazi polepole. Mwaka 1991 Miles Orchinik, Thomas Murray na Moore wakaonyesha katika ubongo wa salamanda huyo kipokezi kilichokaa juu ya utando wa seli za neva, mlangoni, kinachojibu papo hapo. Mnyama aliyeona nyoka hana wakati wa kungoja.

Mwambao wetu ulikuja kushiriki mwaka 1999, pale Tyrone Hayes wa California na Karina Menendez walipochapisha habari za chura mdogo wa matete, Hyperolius argus, waliyemchukua katika msitu wa Arabuko-Sokoke karibu na Malindi. Wadogo wote wa chura huyu huanza na rangi ya dume. Majike wakikua hubadilika na kupata madoa makubwa. Estrojeni iliwapa wadogo wa jinsia zote rangi ya jike kabla ya wakati, na testosteroni iliwaotesha wote kifuko cha sauti. Hayes akatambua kuwa amepata kipimo: maji yenye dawa inayoiga estrojeni hujifichua kwa rangi ya ngozi. Kutoka hapo akaingia katika mabishano makubwa ya maisha yake, juu ya atrazini, dawa ya kuulia magugu ambayo hutumika sana katika mahindi. Mwaka 2002 alitangaza kwamba kiasi kidogo mno cha dawa hiyo kiliwatia Xenopus madume viungo vya kike, na mwaka 2010 kwamba katika madume 40 waliolelewa ndani yake, mmoja katika kila kumi aligeuka jike kamili na kutaga mayai, na wengi wa waliosalia walishindwa kushindana na madume wazima kwa kupata jike. Kampuni iitengenezayo ilimpinga, na uchunguzi mwingine haukupata matokeo yake. Marekani dawa ikaendelea kuuzwa, ilhali Umoja wa Ulaya ulikwisha kuiondolea ruhusa mwaka 2004 kwa sababu ya kuchafua maji ya ardhini. Katika nchi ya mahindi na mteremko kama Umatengo, ambapo kila kinachomwagwa shambani kina njia ya kushukia ziwani, mabishano hayo si ya mbali.

Ile natija ya pili ya biashara ya vyura ni ukungu uitwao kitridi, ambao hula ngozi ya amfibia na umeangamiza jamaa nyingi za vyura duniani. Kielelezo cha Xenopus cha mwaka 1938, kilichohifadhiwa Afrika Kusini, kilipatikana mwaka 2004 kuwa nao, na wengi wakahukumu kwamba vyura wa kupimia mimba ndio walioueneza. Uchunguzi wa nasaba uliotolewa mwaka 2018 umeelekeza chimbuko lake Asia ya Mashariki, ingawa hata huo unalaumu biashara ya wanyama. Hapa kwetu ukungu huo ulifika Kihansi. Katika korongo la mto huo, kwenye milima ya Udzungwa, Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenziwe walimkuta mwaka 1996 chura wa manyunyu, Nectophrynoides asperginis, jamaa wa yule chura wa Tornier, mdogo wa sentimita mbili na kitu, azaaye watoto wa milimita tano hivi, na makao yake yote duniani yalikuwa kama hekta mbili za majani yaliyolowa kwa mvuke wa maporomoko. Bwawa la umeme likayachukua maji karibu yote. Vyura 499 walipelekwa Marekani mwaka 2000, mabomba ya manyunyu ya bandia yakatandazwa korongoni, idadi ikapanda, kisha mwaka 2003 ikaanguka ghafla, na kitridi kikakutwa katika mizoga. Mwaka 2009 ilitangazwa kuwa chura huyo hayupo tena porini.

Kumfuga mnyama wa namna hii ni kuihudumia damu yake bila ya kuiona. Nuru ya kuifahamu damu hiyo ilitoka mbali, kwa chura mwingine azaaye, wa mlima Nimba huko Afrika ya Magharibi, ambaye zamani aliwekwa katika jenasi hii hii ya Noble. Mfaransa Françoise Xavier alionyesha ya kwamba kwa miezi tisa ya mimba ya chura huyo, ambayo sehemu yake kubwa jike huipitisha ardhini akikwepa kiangazi, ovari zake hutoa progesteroni kama za mwanamke: homoni hiyo huzuia mayai mapya yasikomae, na hupunguza kasi ya ukuaji wa watoto ili wazaliwe mvua zimekwisha kurudi. Chura wa Kihansi alikuwa mikononi mwa wahifadhi wa bustani za wanyama za Bronx na Toledo, huko Marekani. Walipoteza wengi miaka ya kwanza; wakarekebisha taa, chakula na manyunyu, mpaka ubongo wa wale waliobaki ukaridhika na mahali ulipo, wakaanza kuzaa, na kufikia maelfu. Mwaka 2010 mia moja wa kwanza walirudishwa Dar es Salaam, katika nyumba iliyojengwa kwa ajili yao chuoni, na mwaka 2012 zaidi ya elfu mbili wakaachiliwa korongoni, chini ya mabomba.